Mshipi: unene, nguvu na fundo

mshipi nm mi- [u-/i-] 1. uzi wa kuvulia samaki kwa ndoana. 2. ukanda wa kufunga kiunoni.

Maana ya kwanza ndiyo inayohusika hapa. Mshipi wa mvuvi wa pwani huweza kuwa uzi mmoja tangu mkononi hadi kwenye ndoana. Katika uvuvi wa trauti kwa chambo bandia, kama ufanywao katika mito ya Mlima Kenya na Aberdare, mshipi una sehemu kadhaa: uzi mzito unaorushwa, uzi unaopungua unene, na mwishoni uzi mwembamba unaofungiwa chambo. Mfasiri akiziita zote “mshipi”, msomaji hatajua ni ipi iliyokatika. Sehemu ya mwisho yafaa iitwe *ncha*.

Ncha hupimwa kwa alama ya X, na hapa ndipo mfasiri huteleza kwa urahisi, kwani namba ikipanda unene hupungua. Namba hiyo ikitolewa katika 11, jibu ni kipenyo kwa sehemu za elfu za inchi: 5X ni inchi 0.006, yaani takriban milimita 0.15. Sentensi “6X ni imara kuliko 4X” kwa kawaida ni kinyume cha ukweli. Tena X ni kipimo cha *unene*. *Nguvu* huandikwa kando, kwa ratili au kilo, na nyuzi za unene mmoja huweza kutofautiana nguvu kwa kadiri ya utengenezaji wake. Wavuvi hukadiria kwa kugawanya namba ya ndoana kwa 3: ndoana ya 12 huenda na 4X.

fundo nm ma- [li-/ya-]. Fundo *hupigwa*, kisha *hukazwa*, ndoana *hufungwa*. Mpangilio wa vitenzi una uzito wake:

> Pitisha ncha katika tundu la ndoana, izungushe mara tano kwenye uzi wake, irudishe ndani ya kitanzi kidogo kilicho karibu na tundu, lowanisha fundo kwa mate, kisha vuta polepole hadi likaze.

“Kaza na ulowanishe” ni kosa la maana, wala si la mtindo tu: uzi mkavu ukisuguana hupata joto na kudhoofika, na samaki huondoka na chambo. “Vuta kwa nguvu” nayo humfanya msomaji akurupue.

Kipande kinachobaki baada ya kukaza kisiitwe *ncha*, maana agizo “kata ncha” litamfanya mwanafunzi makini akate uzi alioufunga sasa hivi. Aandikiwe: “kata kipande kilichozidi.”