Llanrhaeadr-ym-Mochnant: kijiji kilichotoa Biblia ya Kiwelisi

Llanrhaeadr-ym-Mochnant ni kijiji kidogo cha wakulima na wafugaji wa kondoo huko Welisi, chini ya milima ya Berwyn. Sehemu ya kwanza ya jina hilo inataja kanisa na maporomoko ya maji. Kweli, kilomita chache juu ya kijiji, maji yanaanguka kutoka urefu wa meta zaidi ya 70.

Kanisa la parokia linaitwa kwa jina la Mtakatifu Dogfan. Mwaka 1578 lilimpokea mchungaji William Morgan, mtoto wa mashambani aliyesoma Cambridge. Wakati huo ibada ilikuwa imetoka katika Kilatini na kuingia katika Kiingereza, lugha ambayo Wawelisi wengi hawakuisikia. Bunge lilikuwa limeamuru mwaka 1563 Biblia itafsiriwe. Agano Jipya lilitoka mwaka 1567, kwa kazi ya William Salesbury hasa, lakini maandishi yake yalikuwa magumu kusoma mbele ya watu.

Morgan alitafsiri kutoka Kiebrania na Kigiriki huku akichunga parokia yake. Hakuwa na utulivu: ugomvi na mkubwa mmoja wa pale ulimfikisha mahakamani. Hata hivyo kazi ilikwisha, na Biblia nzima ikachapwa London mwaka 1588. Mwaka 1595 alifanywa askofu wa Llandaff, na mwaka 1601 wa St Asaph, akafa mwaka 1604. Biblia yake ilisahihishwa mwaka 1620, na Wawelisi waliitumia hivyo kwa zaidi ya miaka 300.

Matunda yake yalipita kuta za kanisa. Katika karne ya 18, shule za Griffith Jones, mchungaji wa Llanddowror, zilifundisha maelfu ya watu wazima na watoto kusoma kwa Biblia hiyo. Kikornishi, lugha ya jirani na ndugu ya Kiwelisi, hakikupata Biblia nzima wakati huo. Kufikia mwisho wa karne hiyo kilikuwa kimezimika vinywani mwa watu. Kiwelisi, katika sensa ya mwaka 2021, kilisemwa na watu 538,000 hivi.

Wapendwa, tafsiri hii haikuanzia mjini wala penye mali. Ilitoka katika parokia ya milimani, yenye magomvi yake kama parokia zetu. Je, katika makanisa yetu, bibi zetu wanalisikia Neno kwa lugha yao?