Tuni ya nyumbani iliyovuka hadi Ujerumani

Alfajiri ya Pasaka Mwembesongo, mjini Morogoro, adhana ikishatulia na bodaboda hazijaanza kugombea abiria, spika za makanisa hushika zamu. "Mfurahini, Haleluya" haukosekani. Ni rahisi kudhani wimbo huo uliletwa na wamisionari pamoja na kengele na vinanda.

La hasha. Maneno yake yaliandikwa mwaka 1966 na Bernard Kyamanywa, wakati huo mwanafunzi wa theolojia Makumira, karibu na Arusha, juu ya tuni ya kienyeji ya Kitanzania. Mwaka 2026 unatimiza miaka 60.

Walutheri wa hapa walikuwa wamerithi tuni za Kijerumani, na hizo zilikuwa na ugomvi na lugha yetu. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Tuni nyingi za Kijerumani huanza na noti nyepesi, kisha ndipo pigo zito. Tia neno "Mungu" hapo uone: mkazo unaangukia "ngu", kama mtu anayejifunza kusoma. Vizazi viliimba hivyo kwa heshima zote. Howard Olson, mwalimu Mmarekani aliyefundisha Makumira, aliwahimiza wanafunzi watunge kwa tuni za makwao. Halikuwa jambo dogo: wengine walilelewa wakiambiwa ngoma ni mambo ya kuacha nje ya mlango wa kanisa.

Safari ya wimbo wa Kyamanywa ilikuwa ya haraka. Mwanatheolojia Ulrich Leupold aliuandika kwa Kijerumani mwaka 1969, Olson akautafsiri kwa Kiingereza, na leo Wajerumani wanao katika kitabu chao cha nyimbo, namba 116.

Ufaransa kuna kisa kinachofanana. Mtunzi Joseph Canteloube alichukua "Baïlèro", wimbo wa wachunga kondoo wa Auvergne wa lugha ya Kioksitani, akauvisha okestra. Toleo la kwanza la mkusanyiko wake wa nyimbo za huko lilitoka miaka ya 1920, na mpaka sasa masoprano wakubwa hawaachi kuurekodi wimbo huo. Jalada hubeba jina la Canteloube, mchunga kondoo hatajwi.

Kyamanywa ana bahati zaidi, jina lake limeandikwa. Tuni ndiyo iliyobaki yatima: "kutoka Tanzania", basi. Nchi yenye makabila zaidi ya 120! Ni sawa na kutuma barua kwa "mtu wa Morogoro". Na hapo juu Uluguru, nyimbo za mavuno na za harusi zinaendelea kuimbwa. Ukiuliza nani anaziandika noti, utajibiwa kwa kicheko.

Siku hizi kwaya ikiimba "Mfurahini", mpiga kinanda hubonyeza mdundo uliokuja na mashine, sauti ya kwanza hadi ya nne zikaufuata. Hata hivyo wimbo bado unatambulika. Morogoro ina shule ya lugha ya Walutheri inayofundisha wageni Kiswahili. Mjerumani anayetoka huko akaingia ibada ya Pasaka anaweza kuukuta wimbo wa utotoni mwake, akaanza kuimba kabla hajajua hata kusema "shikamoo" sawasawa.