Mizani ya Mashine na Mizani ya Malenga

Mwaka 1954 kilichapishwa kitabu cha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, chake Kaluta Amri Abedi, aliyekuja kuwa Meya wa Dar es Salaam. Miaka hiyohiyo, kuanzia 1951, mwanahisabati wa Marekani Stephen Kleene alikuwa akibuni alama za kueleza ruwaza. Akazichapisha mwaka 1956. Mmoja aliwaza vina, mwingine neva na mitambo. Swali lao lilikuwa moja: ni mfuatano upi unaotii kanuni, na upi umeivunja?

Mwaka 1968 Ken Thompson alieleza namna kompyuta inavyoweza kuzitumia alama za Kleene kusaka maneno katika matini. Waandishi wa programu leo huziita regeksi.

Nami nilizitumia hapa Mbagala, Temeke, nilipokuwa nikichapa daftari la mashairi la mzee mmoja jirani yangu. Vina havikunisumbua. Niliandika «ani$», alama ya dola ikimaanisha mwisho wa mstari, na kila mshororo wenye kina hicho ukajitokeza. Kwa mizani niliandika «[aeiou]», yaani kila irabu ihesabiwe moja. Mashine ikatangaza kuwa mishororo mingi ni guni: kumi na tano badala ya kumi na sita. Nikaitia wino mwekundu, nikampelekea mzee.

«Mwanangu,» akasema, «hebu soma kwa sauti.»

Nikasoma, naye akigonga meza kwa kidole. Kwenye «mtu» aligonga mara mbili: m-tu. Mashine yangu ilikuwa imehesabu moja.

Nikaongeza kanuni: «m» inayofuatwa na konsonanti ihesabiwe pia. Nikakwama tena, safari hii kwenye «mbaya». Katika «mtu mbaya» neno hilo lina mizani tatu, m-ba-ya, kwa kuwa «m» hiyo ni kiambishi kilichotokana na «mu». Katika «nyumba mbaya» ni mbili tu, mba-ya. Herufi ni zilezile. Kinachoamua ni ngeli, na ngeli haionekani katika neno hilo pekee.

Nilifuta wino mwekundu wote. Regeksi sijaiacha: huniorodheshea mishororo ya kutiliwa shaka, nami huisoma kwa sauti kabla ya kugusa herufi yoyote. Mashairi ya mzee yamebaki kama alivyoyatunga.