Kiingereza cha Kale Katika Kiswahili cha Mbeya na Iringa

Kiingereza kiliingia Nyanda za Juu Kusini pamoja na askari mwaka 1916, wakati vikosi vya Jenerali Edward Northey vilivyotokea Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini vilipoitwaa Neu-Langenburg, yaani Tukuyu ya leo, na baadaye, mwezi Agosti, vikaingia Iringa. Kilikuta Kijerumani kimekwisha kuacha maneno yake, likiwamo neno shule, na pia hela, ambayo ilikuwa sarafu ndogo iliyohesabiwa mia kwa rupia moja. Katika miaka 45 iliyofuata, hadi uhuru wa mwaka 1961, wakazi wa nyanda hizo walisikia maneno ya Kiingereza kambini, barabarani, sokoni na katika machimbo ya dhahabu ya Lupa, na kila neno walilolichukua walilichukua na maana iliyokuwa hai wakati huo. Waingereza wenyewe waliendelea kuyageuza maneno yao na mengine wakayatupa, lakini Kiswahili hakikuwa na sababu ya kuwafuata. Ndiyo maana neno ambalo msomaji wa leo hulidhani limeharibiwa na Waswahili huenda likawa Kiingereza sahihi cha enzi iliyopita.

Mfano unaostahili kuangaliwa kwa makini ni daladala, jina la magari ya abiria yanayopita kila siku kati ya Uyole na Mwanjelwa jijini Mbeya, na vilevile katika mitaa ya Iringa. Jina hilo lilienea kutoka Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1980, nauli ilipokuwa shilingi tano, na shilingi tano ziliitwa dala. Wengi hueleza kwamba ziliitwa hivyo kwa kuwa wakati huo dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa shilingi tano, lakini hesabu haikubaliani na maelezo hayo. Shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa sawa na shilingi ya Uingereza, ambayo ishirini zake zilifanya pauni moja; na tangu Septemba 1949, pauni iliposhushwa thamani kutoka dola 4.03 hadi 2.80, dola moja ilizidi shilingi saba, na kufikia miaka ya 1980 ilikuwa imepita nane. Asili ya dala, basi, haiwezi kutafutwa katika bei ya fedha za kigeni ya miaka hiyo.

Inaelekea kwamba asili hiyo imo ndani ya Kiingereza chenyewe. Neno dola, kabla halijahusishwa na Marekani, lilikuwa jina la sarafu kubwa za fedha za Ulaya, na chimbuko lake ni Joachimsthal, bonde la Bohemia ambako fedha ilichimbwa na kufuliwa sarafu katika karne ya 16. Shakespeare analitumia katika Macbeth, tamthilia ya mwanzoni mwa karne ya 17, wakati Marekani haijawa nchi. Mwaka 1804 Benki Kuu ya Uingereza ilitoa sarafu ya fedha iliyoandikwa waziwazi kuwa ni dola ya shilingi tano, na watu wa mitaani nchini humo waliendelea kuziita shilingi tano dola, na shilingi mbili na nusu nusu dola, hadi karne ya 20. Maana hiyo imekwisha kusahaulika kwao, ilhali kwetu jina la chombo cha usafiri limeibeba.

Neno stendi nalo lina historia ya namna hiyo. Mwaka 1634, London ilipata kituo chake cha kwanza cha magari ya farasi ya kukodi, mahali ambapo magari yalisimama kuwangoja abiria, na kusimama huko ndiko kulikozaa jina. Waingereza wa leo, kwa mabasi, aghalabu husema stesheni. Mtanzania huenda stendi kupanda basi, na stesheni akaiacha kwa ajili ya treni, kama ile ya TAZARA jijini Mbeya, tofauti ambayo kwa kweli ni makini zaidi.

Maneno ya kijeshi ndiyo yaliyobadilika sura mno. Korokoroni, yaani mahabusu, linatokana na "quarter guard", jina la walinzi wa kambi ya kikosi, ambao pia waliwashikilia askari wenye makosa. Manowari, meli ya kivita, linatokana na "man-of-war", ambalo mwanzoni halikuwa jina la meli bali la mtu mpiganaji, na Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 bado inalitumia kwa maana hiyo. Kiswahili kililipata pwani, lakini vita vya majini vilifika pia Ziwa Nyasa tarehe 13 Agosti 1914, meli ya Waingereza Gwendolen ilipoishambulia Hermann von Wissmann ya Wajerumani huko Sphinxhaven, ambayo sasa ni Liuli.

Maneno yalisafiri pia kwa upande wa pili. Dai kwamba boma ni ufupisho wa jina la ofisi fulani ya Waingereza halina msingi, kwa kuwa msafiri Stanley alikwisha kuliandika katika miaka ya 1870, likiwa na maana ya ua wa kujilinda. Waingereza walilichukua wakaliita hivyo jengo la mkuu wa wilaya, na boma la Iringa sasa ni makumbusho.

Lililodumu kuliko yote ni shilingi. Tanzania ilianza kutumia shilingi yake tarehe 14 Juni 1966, na Uingereza iliiacha ya kwake tarehe 15 Februari 1971. Leo fedha yenye jina hilo inatumika Tanzania, Kenya, Uganda na Somalia, si Uingereza.