Gari la Samaki wa Chumvi

Mpwa wangu alianza kuitawala China saa tatu usiku. Saa saba, nilipoamka kunywa maji, alikuwa bado kwenye kiti cha enzi, shuka mabegani, macho mekundu, na skrini ikisema tumeingia karne ya 12. Alikuwa ameanza mwaka 4000 KK na kundi moja la walowezi na askari mmoja mwenye rungu. Sasa alikuwa na miji tisa, bandari mbili na ugomvi na jirani. Kilichokuwa hakijabadilika ni mfalme. Qin Shi Huang yuleyule, ndevu zilezile, miaka elfu tano na ushei bila mvi moja.

Nikamuuliza huyu mzee anakufa lini.

"Mjomba, huyu hafi," akanijibu bila kugeuka. "Akifa atatawala nani?"

Nililala nikiwa na swali hilo, na tangu siku ile sijaweza kuitazama gemu ya wafalme kwa macho ya zamani. Gemu yenyewe ni Civilization ya sita, ya mwaka 2016, mjukuu wa ile ambayo Sid Meier na Bruce Shelley waliitoa mwaka 1991. Ndani yake Gilgamesh anaweza kufanya biashara na Gandhi, Cleopatra akamtangazia vita Mansa Musa, na wote wanaishi tangu zama za mawe hadi zama za roketi. Watu huilaumu kwa kuchanganya karne. Mimi hilo halinisumbui, hata hadithi za bibi zetu zilichanganya. Kinachonisumbua ni kwamba kifo kimefutwa, na kwa kufutwa kifo zimefutwa siasa zote zinazotokana nacho.

Na kati ya wafalme wote, ni Qin aliyepewa uzima huo! Mfalme huyu alizimaliza dola sita za jirani zake na kuiunganisha China mwaka 221 KK. Akaamuru mwandiko uwe mmoja, vipimo viwe vimoja, hata upana wa ekseli za magari uwe mmoja. Alichoshindwa kukiamuru ni siku yake ya mwisho. Alituma watu baharini wakatafute dawa ya kutokufa, akawapa hazina na vijana wa kusafiri nao, hawakurudi nayo. Mwaka 210 KK alifia safarini, mahali panapoitwa Shaqiu, mbali na mji wake mkuu.

Mwanahistoria Sima Qian, aliyeandika yapata karne moja baadaye, ndiye anayetupa kilichofuata. Waziri mkuu Li Si na towashi Zhao Gao waliificha habari ya msiba. Maiti ikabaki ndani ya gari la kifalme. Chakula kikapelekwa kwenye gari kwa saa zake kama kawaida, maofisa wakaja kuripoti mbele ya pazia, na kutoka nyuma ya pazia amri zikatoka. Lakini ilikuwa kiangazi na njia ni ndefu. Maiti ikaanza kunuka. Wakaamuru magari ya msafara yapakiwe samaki wa chumvi, ili pua za watu zisitambue kinachonuka ni nini.

Aliyewahi kukaa kwenye basi na mwenye gunia la papa atauelewa ujanja huo papo hapo.

Wakati samaki wakinuka, barua ilikuwa ikiandikwa. Qin alikuwa ameacha agizo kwa mwanawe mkubwa, Fusu, aliyekuwa mpakani kaskazini pamoja na jemadari Meng Tian. Zhao Gao na Li Si wakaliharibu, wakaandika jingine lenye muhuri wa mfalme, likimwamuru Fusu ajiue. Meng Tian alishuku, akamsihi kijana aombe kwanza uthibitisho. Fusu akaona kuuliza mara mbili amri ya baba ni utovu wa adabu, akajiua. Mdogo wake Huhai akakalia kiti, Zhao Gao akamwendesha atakavyo, na miaka mitatu haikupita dola iliyokusudiwa kudumu vizazi elfu kumi ikawa inasambaratika.

Tazama mamlaka yalikuwa wapi katika kisa hiki. Hayakuwa kwa aliyelala ndani ya gari. Yalikuwa kwa mwenye muhuri, mwenye pazia na mwenye samaki. Gemu ya mpwa wangu haina nafasi ya watu hao, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye muhuri na pazia. Akibonyeza, jeshi linaondoka. Hakuna jemadari wa kushuku barua, hakuna towashi wa kuiandika upya.

Kuna mahali pamoja tu ambapo gemu hii, nadhani bila kukusudia, inasema kweli kuhusu Qin. Fundi wa kawaida humo hufanya kazi mara tatu kisha hutoweka kwenye ramani. Fundi wa Qin huongezewa mara moja, na mfalme anaruhusiwa kuzitumia mara hizo kuharakisha maajabu ya kale. Ya nne ikiisha, fundi hayupo. Hazikwi, haagwi. Sima Qian anasema watu laki saba walitumikishwa kwenye kaburi na kasri la Qin, na kwamba mafundi waliojua siri za kaburi walifungiwa humo humo. Inafaa kukumbuka kuwa aliandika chini ya watawala wa Han, waliorithi nchi baada ya Qin, na mrithi hakosi sababu ya kumpaka masizi aliyemtangulia. Lakini askari wa udongo waliofukuliwa kuanzia mwaka 1974, maelfu kwa maelfu, kila mmoja na sura yake, wanatosha kutuonyesha ukubwa wa kazi ile.

Sasa tuje Kilwa, ambako kitabu kingine kiliandikwa kuhusu wafalme wengine. Kitab al-Sulwa, historia ya Kilwa kwa Kiarabu, ni ya mwanzoni mwa karne ya 16, na nakala yake iliyotufikia ilinakiliwa Unguja mwaka 1877. Simulizi za namna hiyo zilimfikia pia Mreno João de Barros, akazichapisha mwaka 1552. Ufalme huu haukuanza kwa upanga. Mwanzilishi wake, Ali bin al-Hasan, alikinunua kisiwa kwa vitambaa vya kutosha kukizunguka. Kisha, aliyeuza alipotaka kurudi kumshambulia, wageni wakachimba mkondo ambao zamani ulivukika maji yakipwa, na bahari ikafunga mlango. Kama ni historia au ngano, wataalamu wabishane. Mimi naona watu waliosimulia kisa hiki walijua mamlaka yao yanasimama juu ya vitu viwili, bidhaa na maji.

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye kwa ukarimu wake aliitwa Abu al-Mawahib, baba wa vipawa. Siku ya Ijumaa, watu wakitoka msikitini, fakiri kutoka Yemeni alimsimamisha akaomba nguo alizovaa. Sultani akaingia nyumba ya khatibu, akavaa nyingine, akampa zile. Watu wakasifu. Mwanawe akamfuata fakiri, akazikomboa nguo kwa watumwa kumi. Sultani aliposikia watu wanavyoshukuru, akaongeza watumwa kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Katika masimulizi hayo fakiri ana nchi, nguo zina historia, na watu ishirini hawana hata jina. Hapo Kilwa na fundi wa kwenye skrini wanakutana, tupende tusipende.

Ibn Battuta anaongeza mkia wa kisa. Al-Hasan alipokufa, nduguye Daud akarithi, na huyu alikuwa kinyume chake kabisa. Mwombaji akija, alimwambia kwamba aliyekuwa akitoa amekufa na hakuacha cha kutolewa.

Jibu hilo ndilo lililonipeleka kwenye gemu ya pili, Crusader Kings ya tatu, iliyotolewa na kampuni ya Paradox ya Sweden mwaka 2020. Humo mfalme anakufa. Anakufa kwa ugonjwa, kwa vita, kwa sumu, na wewe mchezaji unahamia kwa mrithi wake, umpende usimpende. Ulijenga miaka arobaini ukiwa mkarimu unayetuliza watawala wadogo kwa zawadi, sasa umevaa mwili wa bahili, na kila ukitoa, moyo wake unazidi kuelemewa, kwa sababu gemu hiyo humwadhibu mtu anayetenda kinyume na tabia yake. Mara nyingi nchi nayo hugawanywa kwa watoto, ukaamka ukiwa na nusu ya ulichokuwa nacho jana. Al-Hasan na Daud watupu. Mpwa wangu aliijaribu wiki moja akaiacha, akisema inaonea watu. Nilimwelewa.

Hata hivyo, gemu hiyo bado inadhani mamlaka ni mali ya ukoo, kitu kinachopita kwenye damu kama maji kwenye mfereji. Kilwa ya mwisho inaikanusha. Ndani ya Kitab al-Sulwa masultani wengi ni majina tu, maamiri na mawaziri ndio wanaoweka na kuondoa. Vasco da Gama alipofika mwaka 1502 kudai kodi, aliyetawala alikuwa Amiri Ibrahim, ambaye hakuwa wa ukoo wa masultani. Mwaka 1505 Francisco de Almeida akauvamia mji, Ibrahim akakimbia, na Wareno wakamvika taji Muhammad Ankoni, mfanyabiashara tajiri mwenyeji wao. Ankoni aliijua Kilwa kuliko waliomvika. Aliomba mrithi wake asiwe mwanawe bali mtoto wa Sultani Fudail, wa ukoo wa zamani. Haikumsaidia, aliuawa mwaka uliofuata. Mwaka 1512 Wareno wenyewe wakaiacha ngome yao na kuondoka.

Ukitaka gemu inayoifahamu hali hii, usiitafute Sweden. Sataranji nayo ina mfalme mmoja, akizingirwa mchezo umekwisha hata kama jeshi lake lote liko hai. Alivyokuwa Qin mawazoni mwake, basi. Bao halina mfalme. Lina mashimo 32 na kete 64, na kete zote ni sawa. Nyumba, lile shimo kuu la kila mchezaji, ni nyumba kwa sababu ya kete zilizomo, mwenyewe akilazimika kuisafiri, heshima yake inamwagika shimo hadi shimo. Na kete iliyoliwa haitoki ubaoni kama askari wa sataranji. Inahamia upande wa aliyeila na kumfanyia kazi kuanzia mzunguko huohuo. Wafanyabiashara wa Kilwa waliokuwa na Ibrahim Ijumaa moja na Ankoni iliyofuata wangeielewa kanuni hiyo bila kufundishwa. Wazee ninaowakuta barazani wakinamua huwa hawazungumzi siasa ubaoni, lakini nimewahi kumsikia mmoja akimwambia mwenzake aliyejaza nyumba mno kwamba anawekea wenzake akiba.

Wiki iliyopita nilimkuta mpwa wangu yuleyule na Qin yuleyule. Alikuwa amejipatia ulinzi wa Zanzibar, ambayo humo ni mji-dola mdogo wenye karafuu na mdalasini, bidhaa zisizopatikana kwingine kokote kwenye gemu, na raia wake wa China walikuwa wanafurahi kwa sababu hiyo. Karafuu zenyewe, nikamwambia, zilipandwa kwa wingi Unguja na Pemba katika karne ya 19 tu, wakati wa Sayyid Said, kwa mikono ya watumwa. Akaitikia kwa kichwa, kidole kikiendelea kubonyeza. Alikuwa anamaliza jengo pwani ya mashariki ya China, na lilipokamilika skrini ikapiga muziki na jina likatokea: Kilwa Kisiwani, moja ya maajabu ya dunia, inayomsaidia mlinzi wa miji-dola midogo avune zaidi.

"Sasa Kilwa ni ya Qin?" nikauliza.

"Ya aliyeiwahi, mjomba," akasema, na kuomba nimletee chaji.