Msafisha Dohani (mashairi ya Blake)

Msafisha dohani, kwa Kiingereza "The Chimney Sweeper", ni jina la mashairi mawili ya William Blake (1757–1827), mshairi na mchongaji wa London, kuhusu watoto waliotumikishwa kusafisha dohani za nyumba. La kwanza limo katika *Songs of Innocence* (1789), la pili katika *Songs of Experience* (1794).

Wavulana wadogo, wengine wakiuzwa na wazazi maskini, walipanda ndani ya dohani nyembamba wakikwangua masizi. Wengi walilemaa au kukosa hewa. Mwaka 1775 daktari Percivall Pott alieleza saratani ya mfuko wa korodani iliyowapata wafanyakazi hao. Sheria ya 1788 iliweka umri wa chini kuwa miaka 8, lakini haikutekelezwa ipasavyo.

Katika shairi la kwanza msimulizi ni mtoto aliyefiwa na mama na kuuzwa na baba angali hajui kutamka vizuri, hata wito wake wa kutafuta kazi unasikika kama kilio. Mwenzake anaota malaika akiwafungua wenzao kutoka majeneza meusi. Faraja hiyo ni chungu: asubuhi wanarudi kazini gizani. Shairi la pili halina ndoto. Mtoto yuko peke yake kwenye theluji, wazazi wamekwenda kanisani kusali, naye anawataja Mungu, kasisi na mfalme kuwa wanufaika wa taabu yake.

Mwaka 1824 mshairi James Montgomery alilichapisha shairi la kwanza katika mkusanyiko wa kuwatetea watoto hao. Utumikishaji huo ulidhibitiwa kikamilifu kwa sheria ya 1875.