Mgeni njoo, mwenyeji apone: historia ya kulala mbugani Afrika Mashariki

Kila jioni, jua linapozama nyuma ya miamba ya Serengeti, wahudumu wa kambi za kitalii huwasha taa mbele ya mahema, huchemsha maji ya kuogea na kuwasubiri wageni warejee kutoka kuwatazama simba. Mgeni aliyetoka Ulaya, Marekani au nchi za Ghuba huamini kwamba amefika katika pori ambalo halijapata kukaliwa na mtu. Imani hiyo ndiyo anayoilipia, na katika kambi za fahari bei ya usiku mmoja hushinda mshahara wa mwezi mzima wa wengi wanaoishi jirani na mbuga.

Lakini, msikilizaji, pori hilo lina wenyewe. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika makala yetu ya leo tunaitazama historia ya kambi na hoteli za mbugani katika Kenya na Tanzania, na tunajiuliza swali moja tu: mgeni amekuja, je, mwenyeji amepona?

Safari ya wapagazi

Neno safari, ambalo leo limo katika kamusi za lugha nyingi duniani, lilitoka Uarabuni likakulia midomoni mwa Waswahili. Katika karne ya 19 safari ilikuwa ni msafara wa miguu kutoka Bagamoyo au Mombasa kwenda bara, kufuata pembe za ndovu na, kwa masikitiko makubwa, watumwa. Mbele alitangulia kirangozi mwenye kuijua njia, nyuma yake wakafuata wapagazi na mizigo vichwani na mabegani. Jioni walipiga kambi, wakajenga boma la miiba na kuwasha moto wa kuwafukuza wanyama wakali. Ujuzi wa kulala porini, basi, haukuletwa na mzungu. Aliukuta.

Wawindaji matajiri kutoka Ulaya na Marekani walipoanza kumiminika mwanzoni mwa karne ya 20, waliuchukua mpangilio ule ule wa msafara na kuugeuza anasa. Mfano unaokumbukwa zaidi ni wa Theodore Roosevelt, ambaye baada tu ya kuondoka madarakani kama rais wa Marekani aliteremka Mombasa mwezi Aprili mwaka 1909 pamoja na mwanawe Kermit. Msafara wake ulikuwa na wapagazi zaidi ya 200, na miongoni mwa mizigo yao mlikuwamo tani nne za chumvi ya kuhifadhia ngozi za wanyama. Roosevelt na mwanawe waliua wanyama zaidi ya 500, wengi wao wakapelekwa katika majumba ya makumbusho ya Marekani.

Wakati huo huo sheria za wakoloni, Wajerumani kwa upande wa Tanganyika na Waingereza kwa upande wa Kenya, zilikuwa zimekwisha kuweka leseni za uwindaji ambazo mwananchi wa kawaida hakuweza kuzilipia. Mtu aliyewinda kitoweo cha watoto wake, kama walivyofanya baba na babu zake, akaitwa jangili. Aliyewinda kwa ajili ya kutundika kichwa cha nyati ukutani akaitwa mwanaspoti. Hapo ndipo mwenyeji alipoanza kuwa mgeni katika ardhi yake.

Hoteli juu ya mugumo

Hoteli ya mbugani iliyopata sifa mapema kuliko nyingine zote ilijengwa juu ya mti. Mwaka 1932 Eric Sherbrooke Walker, Mwingereza aliyekuwa akimiliki hoteli ya Outspan mjini Nyeri, alijenga kibanda juu ya mti mkubwa katika misitu ya Aberdare, karibu na kidimbwi ambako ndovu na vifaru walikuja kunywa maji usiku. Akakiita Treetops. Mti wenyewe ulikuwa ni mugumo, na kwa Wakikuyu mugumo si mti wa kawaida, kwani chini yake wazee walisali na kutoa sadaka.

Usiku wa tarehe 5 Februari mwaka 1952 Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alilala hapo na mumewe. Usiku huo baba yake, Mfalme George wa Sita, alifariki dunia usingizini, na ikasemwa tangu wakati huo kwamba alipanda mtini akiwa binti mfalme na akateremka akiwa malkia. Hadithi hiyo imewavutia wageni wengi kuliko tangazo lolote la biashara.

Hata hivyo, hadithi haikuishia hapo. Mwezi Oktoba mwaka huo huo serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari nchini Kenya. Misitu ya Aberdare ikawa ngome ya wapiganaji wa Mau Mau waliokuwa wakidai ardhi na uhuru, na mwezi Mei mwaka 1954 wapiganaji hao waliichoma moto Treetops. Kwa wananchi wa Nyeri, neno kambi katika miaka hiyo halikuwa na maana ya mahali pa kupumzika. Lilikuwa na maana ya kizuizini, mahali palipozungushiwa seng'enge na walinzi wenye bunduki.

Treetops ilijengwa upya mwaka 1957, kubwa zaidi ya ile ya kwanza. Ni mwaka huo huo, mwezi Februari, ambapo Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa msituni, alinyongwa. Wageni wakarejea kuwatazama ndovu.

Serengeti bila Wamasai

Tuvuke sasa mpaka tuingie Tanganyika. Jina Serengeti limetokana na neno la Kimasai lenye maana ya uwanda usio na mwisho. Serengeti ilipofanywa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, Wamasai walikuwa wakiendelea kuchunga mifugo yao ndani yake. Mabishano yakazuka upesi: je, ng'ombe na nyumbu waweza kushiriki malisho mamoja? Wahifadhi wengi wa Ulaya walijibu kwamba haiwezekani, ingawa kwa vizazi vingi ndivyo ilivyokuwa.

Mwaka 1958 baadhi ya wazee wa Kimasai walitia saini makubaliano ya kuondoka Serengeti. Mwaka 1959 eneo likagawanywa mara mbili. Serengeti ikabaki ya wanyama na watalii, na Ngorongoro ikawa hifadhi ya aina yake, ambamo watu, mifugo na wanyamapori wangeishi pamoja. Gavana Sir Richard Turnbull aliliahidi baraza la Wamasai mwaka huo kwamba, endapo maslahi ya watu na ya wanyama yangegongana katika Ngorongoro, ya watu ndiyo yangetangulizwa.

Dunia haikuisikia ahadi hiyo. Ilichosikia ni sauti ya Profesa Bernhard Grzimek wa Frankfurt, aliyehesabu wanyama wa Serengeti kutoka angani akiwa na mwanawe Michael. Michael alifariki mwezi Januari mwaka 1959 ndege yao ilipoanguka, akazikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Filamu yao ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960 na kuwatia Wajerumani wengi hamu ya kuiona Serengeti kwa macho yao. Ni haki kusema kwamba bila juhudi za namna hiyo huenda wanyama wengi wangetoweka. Ni haki pia kusema kwamba katika picha iliyobaki vichwani mwa watazamaji, Mmasai alionekana kama aliyepita njia tu.

Hoteli za umma

Uhuru ulileta sura mpya. Mwezi Septemba mwaka 1961, miezi michache kabla ya bendera ya Tanganyika kupandishwa, Mwalimu Julius Nyerere alitoa tamko mjini Arusha la kuahidi kwamba nchi yake ingewatunza wanyamapori kama urithi wa watoto na wajukuu. Mwaka 1963 chuo cha Mweka kilifunguliwa chini ya Mlima Kilimanjaro, na Waafrika wakaanza kusomea kazi ya uhifadhi ambayo hapo awali ilikuwa mikononi mwa Wazungu.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 serikali iliamua kwamba hoteli nazo ziwe za umma. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 zikajengwa Seronera na Lobo ndani ya Serengeti, nyingine ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro na nyingine juu ya Ziwa Manyara. Mafundi hawakuivunja miamba ya Seronera na Lobo, bali waliiacha iwe sehemu ya kuta na kumbi za hoteli.

Lakini si kila Mtanzania alifurahi. Mwaka 1970 mjadala mkali ulizuka katika gazeti la The Standard la Dar es Salaam. Vijana wa TANU na wasomi waliuliza: nchi ya kijamaa yawezaje kutumia fedha za wakulima kujenga hoteli za wageni wa kibepari, na kumlea kijana wa Kitanzania awe mtumishi wa mezani? Wengine wakajibu kwamba fedha za kigeni zinahitajika, na kazi ya halali haina aibu. Mjadala huo ulikusanywa katika kitabu mwaka 1973 chini ya uhariri wa Issa Shivji. Mwaka uliofuata, 1974, Wamasai waliokuwa wakiishi chini ndani ya kreta ya Ngorongoro waliondolewa. Serikali ilikuwa yao wenyewe, lakini amri ilifanana na ya zamani.

Kisha ukaja mwaka 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Hadi hapo watalii wengi walikuwa wakitokea Nairobi, wakapita Serengeti na Ngorongoro na kurudi Nairobi, na Tanzania ililalamika kwamba faida ilibakia ng'ambo ya pili. Mpaka ulipofungwa, hoteli za umma zikakosa wageni. Ulifunguliwa tena mwezi Novemba mwaka 1983, lakini vyumba vilikuwa vimechakaa na hazina ya serikali ilikuwa tupu.

Hema larejea

Katika miaka ya 1990, pamoja na sera za soko huria, serikali ilijitoa katika biashara ya hoteli na wawekezaji binafsi wakachukua nafasi. Jambo la ajabu ni kwamba hema, lile la zama za Roosevelt, lilirejea kwa kishindo. Kambi nyingi za leo zimepambwa kwa vitanda vya mbao, makochi ya ngozi na masanduku ya safari ya zamani, ili mgeni ajihisi yu katika mwaka 1909. Zama ambazo kwa mwenyeji zilikuwa za kupoteza, kwa mgeni zimekuwa pambo.

Na madai ya ardhi hayajakwisha. Huko Loliondo, mashariki mwa Serengeti, mgogoro umedumu tangu mwaka 1992, pale kitalu cha uwindaji kilipokabidhiwa kampuni yenye uhusiano na Falme za Kiarabu. Mwezi Juni mwaka 2022 serikali iliweka mipaka ya kilomita za mraba 1,500 katika eneo hilo, ikisema inalinda vyanzo vya maji na mapito ya wanyama. Ghasia zikazuka, askari polisi mmoja akauawa, wanavijiji wakajeruhiwa na wengine wakakimbilia Kenya. Mwaka huo huo familia zikaanza kuhamishwa kutoka Ngorongoro kwenda Msomera, wilayani Handeni. Serikali ilisema kuhama ni kwa hiari na kwamba idadi ya watu imezidi uwezo wa hifadhi. Watetezi wa haki za binadamu na Wamasai wengi walipinga, wakiikumbusha ile ahadi ya mwaka 1959.

Ng'ambo ya mpaka, pembezoni mwa Maasai Mara, upo mfano mwingine. Tangu mwaka 2005 wafugaji wenye hati za mashamba wamekuwa wakiyaunganisha na kuyakodisha kwa wenye kambi, wakilipwa kodi kila mwezi, na idadi ya mahema ikiwekewa kikomo. Mfano huo nao una kasoro zake. Hati nyingi zina majina ya wanaume, na wanawake wakaachwa nje ya malipo. Ugonjwa wa Korona ulipowazuia wageni mwaka 2020, baadhi ya mikataba ilibidi ijadiliwe upya. Hata hivyo kuna tofauti moja kubwa, nayo ni kwamba mwenye ardhi anajulikana kwa jina, na mgeni hulala hapo kwa idhini yake.

Msikilizaji, methali yetu haimkatazi mgeni kuja. Humtaka aje, kwa sababu ujio wake una heri. Lakini inamweka mwenyeji nyumbani kwake, si njiani akiwa na mizigo kichwani. Yawezekana mmoja wenu anayetusikiliza kutoka Muscat, London au Minneapolis anapanga kwenda likizo mbugani mwaka huu na watoto waliozaliwa ugenini. Mkifika, mtaonyeshwa simba, chui na nyumbu, na mtafurahi. Jioni, mkiwa mmekaa karibu na moto, muulizeni kwa Kiswahili yule anayewaletea chai: wazee wako walikuwa wakichunga wapi? Huenda akanyoosha mkono kuonyesha pale pale mlipoketi.